Finjani Niliyoijaza

Daktari amekufa, na mwanawe anataka nimsamehe. Ujumbe wa sauti uliingia kwenye simu asubuhi nikiwa nje ya jikoni nachambua maharagwe, nikausikiliza mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimeketi juu ya ndoo. "Ammu Sospeter," sauti ilisema kwa Kiingereza kilichonyooka, "ni Yazid, wa Riyadh. Baba ametutoka. Kama alikukosea kwa jambo lolote, nakuomba kwa ajili ya Mungu, mwachilie." Ammu, yaani baba mdogo! Mwaka ule nilipokuwa nampeleka huyu Yazid chuoni aliniita dereva tu, na jina langu alilijua vizuri sana. Nadhani alikuwa ameliweka akiba kwa siku kama hii. Nilikaa nao vya kutosha kuelewa anachoomba. Kwao mtu akifa, watoto humwendea kila ambaye huenda marehemu alimdhulumu, wakamsihi aiachie haki yake, kwa sababu Mungu husamehe yaliyo yake, ya binadamu humwachia binadamu mwenyewe. Ni desturi nzuri. Nasema kweli, mimi Mkristo wa kanisa la mabati, naionea wivu. Lakini uzuri wake ni kwamba mwenye kuulizwa ni mimi.

Jina la Daktari sitaliandika. Si kwa heshima. Jina likishaandikwa, mwenyewe anakaa humo kama mgeni, anakunja miguu, na huyu sitaki akae. Tena hakuwa daktari wa sindano. Alikuwa daktari wa masikini wa Marekani. Mtacheka, hata mimi nilicheka aliponieleza, nikajifanya nimepaliwa na mate. Alisomea huko huko Marekani, akaandika kitabu kinene kuhusu namna Wamarekani walivyowatunza masikini wao tangu zamani, wazee, wajane, wagonjwa, watoto wasio na baba, na namna walivyowatupa, na akina nani walipigana hadi sheria zikabadilika. Hiyo ndiyo kazi iliyojenga nyumba yenye geti la umeme na zulia la kuzama hadi kifundo cha mguu. Masikini wa mbali wana faida kubwa. Mimi shule niliachia darasa la nne, Kiingereza nilikiokota kwenye lori la Mhindi mmoja wa Nakuru, lakini kwa habari za masikini wa Marekani nina digrii. Nilisomeshwa garini.

Ilikuwa ile miaka watu wetu walipokuwa wakimiminika Saudia. Kila nguzo ya stima mjini ilibandikwa karatasi ya wakala: wanatakikana madereva, walinzi, wadada wa kazi za nyumba, leta pasipoti. Sikuwa kijana wa kusema kijana, ila meno yangu yote yalikuwa bado kwao. Chumba changu Riyadh kiliegemea geti: kitanda, misumari ukutani badala ya kabati, na mashine ya hewa baridi iliyodondosha maji kwenye kopo, nami kopo likijaa nikamwagilia mndimu uliokuwa unakufa pale uani. Mndimu haukufa. Kutoka chumbani nilivuka ua hadi dirisha la jikoni, na hapo, nyuma ya wavu wa mbu, ndipo alipokuwa Tabitha. Tabitha wa Butere, mpishi, mfuaji, mpiga pasi, mlezi wa mama mkwe wa Daktari aliyekuwa hajiwezi. Mimi sikuruhusiwa kuingia ndani, yeye hakuruhusiwa kutoka nje, kwa hiyo udugu wetu wote ulipitia dirishani, pamoja na sahani. Mikono yake niliijua kuliko uso. Nilipofika mkataba wake ulikuwa umekwisha zamani. Wanatafuta mwingine, aliniambia, akipatikana mimi naenda kwa mama yangu. Alikuwa anangoja huyo mwingine kama watu wanavyongoja mvua, anatazama mbinguni kisha anaendelea kupiga pasi. Wali wa wageni uliobaki, na shingo ya kondoo, aliugeuza kwa pilipili aliyokuwa ameiotesha kwenye mkebe wa samli, ukawa chakula cha kwetu.

"Kula, mzee," angesema. "Huu wali umepita meza tatu. Wewe ni meza ya nne."

"Na wewe umekula?"

"Mimi ndiyo meza yenyewe. Umeona wapi meza ikila?"

Sasa niwaambie habari ya kahawa, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Kulikuwa na mzee Msudani, Idris, ambaye kazi yake ilikuwa kuwamiminia wageni kahawa sebuleni, kwenye majlisi. Idris akaenda likizo kwao, Daktari akanivalisha kanzu nyeupe na kuniambia kazi ya Idris ni yako mpaka arudi. Kahawa yao si nyeusi, ni ya manjano, inanuka iliki, na vikombe vyao, finjani, havina mkono, vidogo kama nusu ya ganda la yai. Birika mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, unaanza na mkubwa. Hayo nilionyeshwa. Lililobaki hakuna aliyeniambia, kwa sababu kwao ni kama kumwambia mtu avute pumzi. Mimi nimelelewa mahali ambapo chai ikiishia nusu ya kikombe mgeni anajiuliza kama kilichoisha ni maziwa au ni mapenzi. Basi nikamimina hadi ukingoni. Nilijaza finjani ya kwanza ikawa inatetemeka juu kama jicho lenye chozi, nikatembea kwa ncha za vidole nisimwage hata tone, najisifu moyoni. Mgeni wa kwanza aliitazama finjani, akamtazama Daktari, akaiweka chini, akainuka. Wa pili akainuka. Nikadhani wamekumbuka sala.

Daktari aliwasindikiza hadi getini akitabasamu, akarudi hatabasamu. Kumbe finjani humiminwa kidogo tu, theluthi, ili mgeni akae, umwongeze, akae tena, mpaka mwenyewe aitikise kwamba ametosheka. Kumjazia ni kumwambia kunywa hiki uondoke. "Umenifukuzia wageni, punda wewe!" Kesho yake alasiri aliwaketisha Yazid na binamu zake kwenye zulia uani wawe wageni wangu, nikapewa birika la maji, nijifunze. Kila maji yalipozidi theluthi walipiga kelele, "Yalla, twendeni, tumefukuzwa!" na kunimwagia kifuani. Nilikuwa na umri wa baba zao. Daktari alikuwa kwenye kiti chake kivulini anasoma, anageuza kurasa, na mara moja moja anainua macho na kusema, "Bado." Mpaka leo mkono wangu unajua theluthi hata gizani. Tabitha aliyaona yote kupitia wavu.

"Umelowa kama kuku wa kunyonyolewa," aliniambia nilipofuata sahani.

"Nimefundishwa kumimina."

"Kwetu ukimpa mtu kikombe nusu, hata mbwa wake hatapita tena kwako." Alifungua maji ya sinki. "Lakini fikiria, mzee. Kumbe hawa watu wana njia ya kumwambia mtu nenda kwenu, bila hata kufungua mdomo. Mimi nimekaa humu siku zote hizi hakuna aliyewahi kunijazia."

"Nikuombee kikombe?"

"Niombee ndoo!"

Tulicheka hadi Madam, mke wa Daktari, akagonga ukuta.

Garini Daktari alikuwa mtu mwingine. Alikaa nyuma, miwani kwenye paji la uso, akijaribia kwangu maneno atakayowaambia watu ukumbini, kama mke anavyomwonjesha mume mchuzi. "Sospeter, unajua huko Marekani zamani, katika miji mingine, masikini walipigwa mnada?"

"Waliuzwa, bosi?"

"Mnada wa kinyume! Anayetaja bei ndogo kabisa ya kumlisha ndiye anayepewa. Mji unamlipa, na yeye anamfanyisha kazi."

"Kwa hiyo anayekusudia kumlisha kidogo ndiye anayeshinda."

"Sawasawa!" Alipiga goti lake. "Wanafunzi wangu wanachukua wiki nzima. Pinda kulia."

Hivyo ndivyo nilivyosoma. Nilisoma nyumba walizojengewa masikini, kubwa, baridi, zilizofanywa chungu makusudi ili mtu aone afadhali kazi yoyote. Nilisoma kwamba walimgawanya masikini mara mbili, anayestahili na asiyestahili, na anayegawanya siku zote ndiye aliyeshiba. Askari wazee walipata kitu, wajane wengine walipata kitu, ilimradi majirani waseme ni mjane mwenye tabia njema. Lakini wimbo wake Daktari, ule aliorudia hata tukiwa tumekwama kwenye foleni, ulikuwa ni ile sheria kubwa ya wakati mabenki yao yalipoanguka na watu wazima wakapanga foleni ya supu. Serikali ikasema, aliyefanya kazi atapata riziki uzeeni. Wakafurahi. Kumbe wametoa watu wawili nje: kibarua wa shamba, na mtumishi wa nyumbani. Na watu weusi wengi wa majimbo ya kusini kazi zao zilikuwa hizo hizo mbili. Hapo sauti ya Daktari ilikuwa inapanda. "Anakupikia, anakulelea mtoto, anamwogesha mama yako, nawe unatoka mezani kwako ukiwa umeshiba chakula chake, unakwenda bungeni, unaandika sheria ya kila mtu isipokuwa yeye! Kwa nini, Sospeter?"

"Sijui, bosi."

"Kwa sababu akiwa na kitu cha kesho, leo anaweza kukuambia hapana." Kisha sauti ilikatika, mahali pale pale kila siku, na kwenye kioo nikaona macho yake yamelowa kweli. Si ya kuigiza. Nataka niwe mkweli kwa hilo, kwa sababu ndilo linaloniudhi zaidi. Angekuwa mnafiki ningemsahau. Yule mtu aliwalilia wapishi waliokufa kabla hajazaliwa, akashuka garini, akapita jikoni kwake kuchukua maji, akarudi na glasi.

"Ikawaje baadaye, bosi?" nilimwuliza siku moja.

"Baadaye waliingizwa. Mageuzi huja polepole." Akashusha miwani. Hiyo ndiyo sehemu aliyoipita haraka kuliko zote. Mimi nilikaa na usukani wangu nikiwawaza wale wamama waliozeeka kati ya sheria na baadaye, walivyokufa na aproni.

Halafu ikaja simu ya Butere. Mamake Tabitha ana ugonjwa wa koo, hamezi tena ila uji mwepesi, na anamwuliza Tabitha. Tabitha alimwambia Madam, Madam akasema hayo ni ya Daktari. Siku aliyoitwa sebuleni, mimi nilikuwa nabeba maboksi ya vitabu kutoka kwenye gari, nikayaweka mlangoni moja moja, polepole kuliko ilivyohitajika. Nilimsikia Tabitha akieleza kwa Kiarabu cha jikoni, mama mafi kula, mama halas, yaani mama hali, mama amekwisha. Daktari alimsikiliza hadi mwisho. Hakumkatiza. "Tabitha," alisema, "wewe ni kama binti yetu. Nani atamwogesha mama mkubwa? Amekuzoea wewe. Mama yako yuko mikononi mwa Mungu, na Mungu ni mwema. Baada ya Ramadhani tutaangalia, inshallah." Ramadhani yenyewe ilikuwa haijakaribia, hata tende zilikuwa hazijaanza kupangwa madukani. Pasipoti ya Tabitha ilikuwa ndani ya sefu, na bila kafili, yule mwajiri aliyekudhamini, kukutolea huruji, ile ruhusa ya kutoka nchini, hutoki hata ukiota mabawa. Aliomba tena. Akaomba tena. Jibu lilikuwa lile lile, kwa sauti ile ile, na huo upole sitausahau. Mtu akikukataza kwa ukali unapata mahali pa kushika. Upole unateleza.

Tukahamia Jeddah, kwenye nyumba ya ndugu za Madam, kwa sababu Daktari alikuwa na shughuli huko nitakayoieleza. Safari ilikuwa ya kutwa nzima jangwani, Tabitha kiti cha nyuma kabisa, amekaa kati ya masufuria na kiti cha magurudumu cha bibi. Ile nyumba ya Jeddah ilikuwa ya zamani, chumvi ya baharini imekula rangi ya kuta, na jiko lake lilifunguka moja kwa moja uani bila wavu. Hapo ndipo nilipomwona Tabitha mzima mzima kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekonda, mashavu yamezama. Nilimletea samaki na bizari kutoka soko la Hindawiyah, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya asubuhi, na nikamkuta anakanda unga, simu ameisimamisha kwenye chupa ya mafuta, anaiimbia. Wimbo wa kanisani, kwa Kiluhya. Nikauliza kwa mkono, nani? Akaonyesha koo lake. Mama alikuwa haongei tena. Kwenye simu zilisikika pumzi tu, zikija kwa shida. Tabitha aliimba beti zote bila kuacha kukanda, na wale watu walikula ile mikate, wakaisifu.

Tangu siku ile nilianza kutafuta. Sikuwa natafuta haki, msinipambe. Nilitaka kumwumiza Daktari mahali panapouma, na nilikuwa sijui ni wapi, mpaka mwenyewe akaniambia. Shughuli yake Jeddah ilikuwa tajiri mmoja mzee, mfanyabiashara, Mzee Salim, aliyetaka kabla hajafa aanzishe jumba la kuchunguza habari za masikini na kuwasaidia, wenyeji na wageni. Daktari alitaka awe mkuu wa jumba hilo. Alilitaka kama mtoto anavyotaka baiskeli. "Anakuja kwetu alasiri ya kesho, na wakubwa wengine," aliniambia garini. "Na wewe utafurahi, Sospeter. Ujana wake aliumaliza Mombasa dukani kwa ami yake, anaongea lugha yenu. Msalimie kwa Kiswahili, atapenda. Na kumbuka!" Akainua kidole kwenye kioo. "Theluthi!"

"Theluthi, bosi."

Alinipa kisu mwenyewe, akanionyesha na upande wenye makali.

Siku hiyo Tabitha alikuwa jikoni tangu alfajiri na kondoo mzima, zabibu, mchele, vitunguu vya kukaanga, harufu ikajaa hadi barabarani. Wageni walikaa kuzunguka kuta, Mzee Salim katikati, mdogo wa mwili, fimbo mapajani. Daktari alizungumza kwa Kiarabu, lakini ile hotuba niliijua kwa mikono yake: hapa ni mnada, hapa ni nyumba baridi, hapa anapiga goti, hapa ni mpishi aliyeachwa nje ya sheria. Nilimimina theluthi kwa wote, nikamwacha Mzee Salim mwisho, nalo lenyewe lilikuwa kosa, na Daktari aliliona asiweze kusema. Sauti yake ilipokatika pale inapokatikia, na wageni wakawa wanatikisa vichwa kwa huzuni, nikapiga goti mbele ya mzee.

"Shikamoo, mzee."

Uso wake ulichanua. "Marahaba, mwanangu, marahaba! Wewe watoka wapi?"

"Machakos, mzee."

"Wa bara! Haya, mimina."

Nikamimina. Niliipita theluthi, nikaipita nusu, nikaendelea, kahawa ikapanda hadi ukingoni ikasimama pale inatetemeka, nami nikampa kwa mkono wa kulia kama nilivyofundishwa. Wageni wakashusha finjani zao. Nilisikia kiyoyozi. Mzee hakuipokea wala hakuikataa. Aliitazama, kisha akanitazama mimi, na akaongea Kiswahili, taratibu, kile cha pwani.

"Nyinyi watu wa bara, kujaza kwenu ni ukarimu. Nalijua hilo, nimenywa chai zenu. Basi niambie. Umesahau, au umekusudia?"

Alinifungulia mlango yule mzee. Ningesema nimesahau, angecheka, angewafasiria, wote wangecheka, kondoo angeletwa, nami ningerudi chumbani kwangu na ikama yangu, kile kibali cha kuishi kwao, na mshahara wangu. Nilimwona Daktari pembeni, haelewi neno, ananitolea macho.

"Nimekusudia, mzee."

"Wanifukuza?"

"Si wewe. Ila katika nyumba hii mgeni ana bahati, akijaziwa anajua aende. Jikoni kuna mpishi, Tabitha. Mkataba wake uliisha zamani, mama yake anakufa huko kwetu, na anaambiwa baada ya Ramadhani. Hakuna anayemjazia. Kikombe hiki namwombea yeye."

 Mzee akamgeukia Daktari na kumwuliza kwa Kiarabu. Kiarabu changu kilikuwa cha sokoni, lakini hiki nilikielewa chote. "Mpishi wako wa hapa. Huruji yake iko wapi?"

Daktari alitabasamu, yule mtu wa watu, akafungua mikono. "Baada ya Ramadhani, inshallah. Ni kama binti yetu."

"Astaghfirullah," alisema Mzee Salim. "Mimi nilidhani unatusimulia ya Marekani."

Akaichukua finjani mkononi mwangu, akainywa yote, hadi tone la mwisho, akanirudishia bila kuitikisa. Akashika fimbo, akainuka. Mzee akiinuka nani atabaki ameketi? Waliondoka wote, mmoja mmoja, viatu vikitafutwa mlangoni, wakimwachia Daktari dua fupi fupi, na kondoo wa Tabitha alikuwa bado yuko sufuriani, hajapakuliwa. Kama hamjaishi na wale watu hamwezi kujua ni aibu ya namna gani, mgeni mkubwa kutoka nyumbani kwako akiwa anasikia harufu ya chakula. Nilisimama na birika langu nikiangalia zulia lilivyobaki tupu. Sikuona huruma. Niliona utamu, utamu wa kufika hadi kwenye magego, na mtu akiniambia kisasi hakishibishi namwuliza yeye alionja cha nani.

Daktari hakunipiga. Alisema "Halas" na kunionyesha geti. Nikatoka na mfuko mmoja, ikama ikabaki kwake, na kesho yake akaandikisha kwamba nimetoroka. Nilikwenda Ghulail, ambako Waafrika wamejaa hadi juu ya mapaa, nikapokelewa katika chumba cha madereva wa kwetu waliopotezana na makafili wao, magodoro ukuta kwa ukuta, ugali wa unga kutoka duka la Mchadi, sukuma ya kubahatisha. Walinifanya niwahadithie kila jioni. "Hebu rudia pale sauti inapokatika, mzee," na nikarudia, na mikono, na miwani, wakagaragara. Mmoja wao, Kyalo, alinijazia chai ikamwagika hadi kwenye godoro na kusema, "Kwa heri, bosi!" Nilicheka miezi ile kuliko nilivyocheka maisha yangu yote, mpaka askari walipotukusanya na kutupandisha ndege. Jumba la masikini alipewa mtu mwingine. Hilo nililisikia na nikanywa maji juu yake. Huruji ya Tabitha ilitoka kabla ya wiki kwisha, kwa sababu karani wa Mzee Salim alikuwa anapiga simu asubuhi na jioni kuuliza imefika wapi. Kumbe iliwezekana. Ilikuwa kazi ya kubonyeza tarakilishi tu, Daktari ameketi, kikombe kando.

Tabitha alinipigia kutoka Butere. Sikumtambua sauti, nilizoea ikipita kwenye wavu. "Nimefika, mzee," alisema. "Nimekuta udongo bado mbichi. Wamesema aliugeukia mlango hadi mwisho."

Hiyo ndiyo haki ambayo Yazid ananiomba niiachie. Kabla ya kumjibu nilimpigia Tabitha. Siku hizi ana ng'ombe wawili na goti baya, tunaongea kila mwaka mpya.

"Amekufa?" aliuliza. "Mungu amrehemu. Mimi nilishamsamehe zamani, mzee. Ukikamua na hasira ng'ombe anabana maziwa."

"Wewe umesamehe lako. Mimi niko na langu."

"Lako lipi? Maji ya kifuani?"

"Udongo mbichi."

"Huo ni wangu, wewe mzee mchokozi." Lakini hakucheka, na hakukata simu upesi, tukakaa hivyo tukisikilizana pumzi, mpaka ng'ombe wake akalia. "Basi fanya upendavyo," alisema. "Ila usimtukane kijana wa watu."

Sikumtukana. Nilichuja sauti yangu kwanza, nikakohoa pembeni, nikabonyeza simu na kuongea kwa upole, ule ule, nilikuwa nimeuhifadhi vizuri. "Yazid, mwanangu, pole sana. Wewe ni kama mtoto wetu. Baba yako yuko mikononi mwa Mungu, na Mungu ni mwema. Hilo uliloomba nimelisikia. Baada ya Ramadhani tutaangalia, inshallah."

Nikaituma, nikarudi kwenye maharagwe yangu. Idi ilikuwa juzi.